Utata, Fumbo na Utusitusi: Neno "vague" la Kiingereza mbele ya Uhakiki wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vikuu masomo hufundishwa kwa Kifaransa, vitabu vingi vya nadharia husomwa kwa Kiingereza, na fasihi tunayoifundisha hapa imeandikwa kwa Kiswahili. Katika hali hiyo yapo maneno yanayovuka mipaka ya lugha tatu bila kukaguliwa na mtu. Mojawapo ni neno "vague". Mwalimu huliandika pembeni mwa kazi ya mwanafunzi. Mhakiki hulitumia dhidi ya shairi, mwanasheria dhidi ya kifungu cha sheria, na mwandishi wa gazeti dhidi ya hotuba ya mwanasiasa. Linapofika katika Kiswahili hufasiriwa kwa haraka: "-enye utata", "-siyo wazi", "-siyo dhahiri", "-a mafumbo", kana kwamba maneno haya yote ni ndugu wa tumbo moja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si ndugu wa tumbo moja. Neno "vague" hubeba kasoro mbalimbali, na mojawapo ya hizo si kasoro hata kidogo. Na kila moja ina dawa yake. Anayezichanganya humpa mgonjwa wa macho dawa ya tumbo. Tutaanza na asili ya neno, kisha tutazame matumizi yake katika Kiingereza, tupite katika mahakama, ambamo neno hili limewatoa watu kifungoni, na mwishowe turejee kwenye hazina ya Kiswahili na uhakiki wa fasihi yetu.

2. Asili ya neno na ukoo wake

Neno hili lina asili ya Kilatini, "vagus", yaani mwenye kutangatanga, asiye na makao. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16 kupitia Kifaransa. Katika ukoo huo mna pia "vagabond", yaani mzururaji, na "extravagant", ambalo kwa asili ni mtu au jambo lililotangatanga nje ya mpaka. Kwa hiyo, tangu mwanzo, neno halikuhusu giza wala kufichika. Lilihusu mwendo: maana isiyotulia mahali pamoja.

Msomaji wa Kongo, aliyelelewa katika Kifaransa, hana budi kujihadhari zaidi kuliko wengine, maana Kifaransa kina "vague" zaidi ya moja. Lipo hili la kutangatanga. Lipo "vague" lenye maana ya wimbi, ambalo asili yake ni lugha za watu wa kaskazini ya Ulaya, wala halina udugu na lile la kwanza. Lipo tena la "terrain vague", kiwanja kilichoachwa wazi mjini, ambalo wanaisimu hulihusisha na neno la Kilatini la utupu. Wimbi, utupu na kutangatanga: mwanafunzi anaposoma "vague" katika kitabu cha Kiingereza, picha hizi tatu humjia pamoja bila yeye kujua, ilhali Kiingereza kimechukua moja tu.

Hali kadhalika, Kiitalia kimeurithi mzizi huohuo kwa njia ya ajabu. Katika lugha hiyo "vago" ni kitu kisichobainika, na pia ni kitu kizuri, chenye kupendeza. Mshairi Giacomo Leopardi, katika daftari zake za tangu 1817 hadi 1832, alieleza kwamba maneno kama "mbali", "kale" na "usiku" yana ushairi ndani yake kwa sababu huamsha wazo pana lisilo na ukingo. Hivyo mzizi mmoja umezaa lawama katika Kiingereza na sifa katika Kiitalia. Jambo hili pekee latosha kutuonya tusiipokee lawama kama sheria ya maumbile.

3. Matumizi matatu katika Kiingereza

Tumizi la kwanza ni la wanafalsafa. Kwao, neno ni "vague" likiwa halina mpaka mkali kati ya vitu linavyovihusu na vile lisivyovihusu. Mfano wao mkongwe unanasibishwa na Eubulides wa Miletus, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Punje moja ya nafaka si lundo. Ukiongeza punje moja juu ya kisichokuwa lundo, hakigeuki kuwa lundo. Basi lundo litapatikana lini? Bertrand Russell, katika makala yake ya mwaka 1923, alishikilia kwamba hali hii imeenea katika lugha nzima, na kwamba ni sifa ya maneno, si sifa ya vitu vyenyewe. Aliongeza jambo ambalo walimu wengi husahau: kauli isiyo na mpaka mkali ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa kweli kuliko kauli sahihi mno. Mtu akisema, "Meli itafika jioni", atasadikika mara nyingi kuliko asemaye, "Meli itafika saa 11 na dakika 20". Wavu mpana hukosa samaki wachache. Mwaka 1994 Timothy Williamson alikuja na dai la kinyume: mpaka upo, ila binadamu hawezi kuujua. Mjadala huo haujaisha, wala si kazi yetu kuumaliza hapa.

Tumizi la pili ni la walimu na wahariri. Wao huita "vague" kauli isiyotoa undani wa kutosha. Mwanafunzi akiandika kwamba "ukoloni ulileta mabadiliko mengi", hakuna tatizo la mpaka wala la maana mbili. Amesema kweli, ila hajasema lolote. Hilo tunaweza kuliita ujumla. Ieleweke kwamba ujumla si utusitusi. "Amefika" ya Kiswahili haisemi kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke, lakini hakuna anayeshuku mpaka wa maana yake. Neno "uncle" la Kiingereza ni la jumla mahali ambapo sisi tuna mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Hakuna anayesema kwamba Waingereza hawawajui ndugu za wazazi wao.

Tumizi la tatu ni la siasa. Mwaka 1946 George Orwell, katika insha yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, alieleza jinsi maneno mapana na laini yanavyotumiwa kufunika mambo yasiyoweza kutetewa. Vijiji hupigwa mabomu, wakazi hufukuzwa, na kazi hiyo huitwa "pacification", kuleta utulivu. Wasomaji wa bara letu wanalifahamu neno hilo vyema, kwa kuwa tawala za kikoloni zililitumia kwa vita vyao dhidi ya wenyeji. Hapa msemaji anajua vizuri anachokisema. Anataka msikilizaji ndiye asijue. Kwa Kiswahili tabia hii ina jina lake, nalo ni kubabaisha.

Basi tunayo mambo matatu chini ya kofia moja: kukosa mpaka, kukosa undani, na kukwepa. La kwanza ni hali ya lugha, la pili ni upungufu wa mwandishi, la tatu ni kosa la uadilifu.

4. Mahakamani: wazururaji na sheria izururayo

Hakuna mahali tofauti hii ilipokuwa na uzito kuliko katika sheria. Uingereza ilitunga mwaka 1824 sheria dhidi ya wazururaji, na mfano wake ukaenea katika kanuni za adhabu za makoloni. Makosa ya "rogue and vagabond" yakaingia Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, na hata baada ya uhuru yakaendelea kutumiwa dhidi ya wachuuzi, wasio na kazi na watembea usiku.

Marekani ilikuwa na sheria za namna hiyo pia. Mji wa Jacksonville, katika jimbo la Florida, uliwahesabu kuwa wahalifu watembea usiku, watu wanaozunguka huku na huku bila kusudi halali, na hata wenye afya ya kufanya kazi ambao huishi kwa mapato ya wake zao. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo vijana wanne, wanawake wawili weupe na wanaume wawili weusi, waliokuwa pamoja ndani ya gari moja. Mwaka 1972, katika kesi ya Papachristou, Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo kwa sababu ya kuwa "vague". Jaji William O. Douglas alikumbusha kwamba hata mtu aliyekosa usingizi akatoka kutembea angeweza kuhesabiwa mhalifu. Msingi wa hoja ulikuwa umewekwa tangu 1926: sheria ambayo watu wenye akili ya kawaida wanalazimika kubahatisha maana yake si sheria ya haki, kwa kuwa raia hajui afanye nini ili asikosee, na askari hupewa uhuru wa kumkamata amtakaye.

Msomaji ataona kejeli iliyomo. Sheria iliyotungwa dhidi ya wenye kutangatanga ilianguka kwa kuwa maneno yake yenyewe yalitangatanga. Neno la Kilatini lilirudi kuwadai walilolitumia.

Barani Afrika mambo yalikuja baadaye, ila yamekuja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilitangaza kwamba kifungu kimoja cha uzururaji, alichokamatiwa mchuuzi aliyekuwa njiani kwenda kuuza bidhaa zake alfajiri, kinapingana na Katiba. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziafikiani na Mkataba wa Afrika. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilibatilisha vifungu vya namna hiyo.

Sasa tuulize swali la mfasiri. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Wakili anayetaka kumweleza mteja wake hoja hii kwa Kiswahili atasema nini? Akisema kwamba sheria "ina utata", amesema kwamba ina maana mbili, na jaji anaweza kuchagua moja kati yake, sheria ikabaki hai na mteja akabaki kifungoni. Akisema kwamba ni "ya mafumbo", amesema kwamba mtunzi alificha maana, nayo yaweza kufumbuliwa na wajuzi. Hoja yenyewe si hiyo wala hiyo. Hoja ni kwamba sheria haina mpaka, na kwa hiyo haina maana ya kuchagua wala ya kufumbua. Fasiri mbaya ya neno moja yaweza kuuharibu utetezi wote.

5. Hazina ya Kiswahili

Tukitazama hazina yetu, tutaona kwamba Kiswahili si maskini katika jambo hili. Wahakiki ndio wamekifanya kionekane maskini.

Utata hutokana na tata, hali ya nyuzi zilizoshikana. Uzi uliotatana una ncha zake. Mwenye subira huzipata akauachanisha. Ndivyo ilivyo sentensi "Ametupa chakula". Ama amekitupa, ama ametupatia sisi. Maana ni mbili, kila moja ni kamili, na muktadha huamua. William Empson, katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya aina saba za utata, aliuonyesha ulimwengu wa Kiingereza kwamba hali hii yaweza kuwa utajiri wa shairi. Katika siasa yaweza kuwa mzozo. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 22 Novemba 1967, lataka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyokaliwa vitani. Toleo la Kiingereza halina kibainishi mbele ya neno "maeneo", toleo la Kifaransa linacho, na tangu wakati huo watu wanabishana kama ni maeneo yote au baadhi. Kiswahili, ambacho hakina vibainishi vya namna hiyo, kitauhamisha ubishi huo kama ulivyo. Huo ni utata, si utusitusi: njia ni mbili na zinajulikana.

Fumbo hutokana na kufumba, kama mtu afumbavyo macho au mkono. Kilichomo mkononi kipo, na aliyefumba anakijua. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii yatosha kuthibitisha kwamba fumbo lina jibu. Yeyote aliitaye fumbo "vague" amekosea kabisa, kwa maana fumbo zuri hulenga shabaha moja kama mshale.

Ujumla na kubabaisha tumekwisha kuvieleza. Kilichobaki ni hali ile ya kwanza ya wanafalsafa, kukosa mpaka mkali. Sisi tunapendekeza iitwe utusitusi. Neno hili lipo tayari katika Kiswahili kwa giza jepesi, kama lile la machweo. Picha yake yafaa sana. Hakuna awezaye kutaja dakika ambayo mchana umekwisha na usiku umeanza, lakini hakuna aliye timamu achanganyaye adhuhuri na usiku wa manane. Utusitusi ni hali ya ukingoni, haufuti tofauti iliyopo katikati.

Tuchukue neno kijana. Mtoto wa miaka 6 si kijana, wala mzee wa miaka 70. Kati yao pana utusitusi. Dola inapotaka kugawa nafasi au fedha, hulazimika kuchora mstari: Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 umeweka miaka 15 hadi 35, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaanzia miaka 18 na kukoma kabla ya 35, Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huhesabu miaka 15 hadi 24. Mistari ni mitatu kwa neno moja, na hakuna uliopatikana ndani ya neno lenyewe. Kila mmoja umewekwa kwa haja maalumu.

Tena, wahenga wetu walikuwa na jibu lao kwa Eubulides: haba na haba hujaza kibaba. Wao hawakusema kwamba haba na haba hufanya lundo. Walichagua kibaba, chombo cha kupimia, robo ya pishi, chenye ukingo. Lundo halina ukingo, hivyo swali la punje ya mwisho halina jibu. Kibaba kinao, na punje ya mwisho yaonekana ikimwagika. Penye haja ya mpaka, lugha haibadilishwi; huletwa kipimo. Sheria yahitaji kibaba. Shairi si lazima.

6. Katika uhakiki wa fasihi

Tukirejea kwenye kazi yetu, tofauti hizi huamua tunavyosoma. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi ya kisiasa wakati wa ugomvi wa Wamazrui na Sayyid Said. Mafumbo yake yalieleweka kwa watu wa zama zake, na leo yahitaji historia ili yafumbuke. Msomaji wa leo asiyeijua Mombasa ya wakati huo akiyaita "vague", amehamishia upungufu wake kwenye shairi. Abdilatif Abdalla, katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), ambayo mashairi yake aliyatunga kifungoni kati ya 1969 na 1972, alimtumia mamba kusema yale ambayo mfungwa wa kisiasa asingeweza kuyasema wazi. Fumbo hapo lilikuwa ngao, na shabaha yake ilijulikana.

Kwa upande mwingine, Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alifanya jambo lingine. Mahali hapana ramani, wakati hauna tarehe, na anayetafuta hajui kwa hakika anachokitafuta. Wasomaji wengi wamezikabili kazi hizi kama mafumbo, wakauliza: huyu ni nani? Mji huu ni upi? Wasipopata jibu moja, huhukumu kwamba mwandishi ameshindwa. Sisi twaona kwamba wameuliza swali la fumbo mbele ya utusitusi. Kazi hizi hazikufumba kitu kimoja mkononi. Zimemweka msomaji machweoni makusudi, mahali ambapo mipaka ya ukweli na ndoto, uhai na kifo, haionekani. Swali la haki ni hili: je, utusitusi huo umetengenezwa kwa ustadi?

Hapo ndipo somo la Italo Calvino, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1988 baada ya kifo chake, linapotufaa. Akimsoma Leopardi, alionyesha kwamba mshairi wa yasiyobainika hulazimika kuwa mwangalifu kupita wote katika kuchagua mwanga, umbali na saa. Ukungu mzuri huchorwa kwa kalamu kali. Kinyume chake, mwandishi mchanga ambaye hajui anachotaka kusema, kisha akajificha nyuma ya jina la Kezilahabi, hana fumbo wala utusitusi. Ana ubabaishaji, na mhakiki asiogope kumwambia hivyo.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno "vague" ni gunia moja lenye nafaka za namna kadhaa. Kiswahili kina uwezo wa kuzichambua: utata kwa maana mbili au zaidi zinazojulikana, fumbo kwa maana iliyofichwa na mwenye kuijua, ujumla kwa upungufu wa undani, kubabaisha kwa kukwepa, na utusitusi kwa kukosa mpaka mkali. Istilahi ya mwisho ni pendekezo, na wasomaji wa jarida hili wanakaribishwa kuipinga au kuiboresha.

Kwa walimu, faida ni ya papo hapo. Mwanafunzi aliyeandikiwa "vague" peke yake hajui atengeneze nini. Aliyeambiwa kwamba sentensi yake ina utata atachagua maana moja. Aliyeambiwa kwamba hoja yake ni ya jumla mno ataongeza mifano, miaka na majina. Aliyeambiwa kwamba istilahi yake ina utusitusi ataiwekea kipimo, au ataeleza kwa nini haihitaji kipimo. Na aliyeambiwa kwamba anababaisha atarudi kwenye swali aliloulizwa. Mahakama zimedai kwamba raia hawezi kuadhibiwa kwa neno ambalo hawezi kulijua mpaka wake. Mwanafunzi naye anastahili haki hiyohiyo kutoka kwa kalamu nyekundu ya mwalimu wake.